Namjua Muuaji, Mrabaha Siujui

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni mauaji nayatoa wapi. Watu huuliza huku wakicheka, wakinitazama kwa pembeni kana kwamba nitaungama jambo. Jibu la kweli huwakatisha tamaa. Kupata wazo ni kazi nyepesi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao kirefu cha ofisi amekwisha kupata wazo la mauaji. Kazi yenyewe iko kwingine. Mwandishi wa riwaya za upelelezi anatunza hesabu ya siri: nani anajua nini, alikijua lini, na msomaji ataruhusiwa kukiona wakati gani. Nimechapisha riwaya kadhaa za aina hii, na nilichokuja kukiona ni kwamba hesabu hiyo haifungwi kwenye ukurasa wa mwisho. Inaendelea kwa mhariri, kwa mchoraji wa jalada, kwenye mkataba na kwenye taarifa ya mauzo. Ndani ya kitabu mimi ndiye ninayejua kila kitu. Nje ya kitabu, mara nyingi mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Kipato changu cha kila mwezi kinatokana na ukaguzi wa mahesabu. Riwaya naziandika alfajiri, kabla sijatoka kwenda kazini, wala sioni haya kulisema, maana wengi katika fani hii wameishi hivyo. P. D. James wa Uingereza alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1962, akiwa na miaka 42, na kwa miaka mingi aliandika asubuhi na mapema kabla ya kwenda kwenye kazi zake za utawala hospitalini na baadaye serikalini. Alistaafu mwaka 1979, akiwa tayari na riwaya kadhaa madukani. Raymond Chandler alifukuzwa kazi kwenye kampuni ya mafuta mwaka 1932, mwaka uliofuata akachapisha hadithi yake ya kwanza ya upelelezi jaridani, na riwaya ya kwanza ikatoka mwaka 1939 akiwa na miaka 50. Huyu alikuwa na kanuni ambayo nimeiiba kwa kuipunguza: tenga angalau saa nne kwa siku ambazo si lazima uandike, ila huruhusiwi kufanya jambo jingine lolote. Kusoma marufuku, kujibu barua marufuku. Saa nne mimi sina. Ninayo moja na ushei, nayo hutosha iwapo simu imelala chumba kingine.

Alfajiri ina tabia zake. Mahojiano ya mpelelezi na mshukiwa huja vizuri saa hizo, kwa kuwa yanataka sikio tu. Kupanga vidokezo, hapana. Hilo linataka kichwa kilichoamka kabisa na meza tupu, kwa hiyo hulisogeza hadi siku ya mapumziko. Na sura ya mwisho, ile ya kuwakusanya watu na kumtaja muuaji, siigusi mpaka nipate siku nzima. Nikiikatiza njiani, kesho yake sikumbuki nani alikuwa amekaa karibu na mlango na nani alishaelezwa habari ya ufunguo. Nyumbani wamezoea. Mwenzangu huniuliza tu kama leo kuna aliyekufa, na nikimjibu kwamba bado, anaelewa kuwa jioni sitakuwa mtu wa maongezi.

Chombo ninachokitegemea kuliko kalamu ni jedwali. Upande wa kushoto naorodhesha wahusika, juu naweka namba za sura, na ndani ya kila kisanduku naandika mambo matatu kwa mkato: mtu huyu sasa anajua nini, anadanganya kuhusu nini, na msomaji ameshaambiwa kiasi gani. Kulijaza kunachosha. Lakini ndilo linalonionyesha kwamba dada wa marehemu hawezi kushtuka kwenye sura ya kumi na moja, kwa sababu habari yenyewe aliisikia jikoni sura mbili nyuma. Kuna kisa maarufu kuhusu Chandler. Inasimuliwa kwamba riwaya yake ya kwanza ilipokuwa inatengenezwa filamu, watengenezaji walimuuliza nani alimuua dereva, naye akajibu kuwa hata yeye hajui. Wapenzi wake hukisimulia kwa kicheko, na kitabu hakikupungukiwa na kitu. Mimi sina ufundi wa lugha wa kuziba pengo la ukubwa ule, basi najaza jedwali.

Kuhusu vidokezo, jambo nililojifunza polepole ni kwamba kukizika sana ndiko kukitangaza. Msomaji wa hadithi hizi ni mzoefu. Ukizika kitu, yeye anaona udongo mbichi. Kidokezo kinawekwa hadharani, wakati macho yameitwa kwingine. Nina njia chache ninazozirudia. Mpelelezi anapomwaga mezani vitu vilivyokutwa mfukoni mwa marehemu, vitu vitano, kile chenye maana nakiweka cha tatu au cha nne, maana cha kwanza na cha mwisho ndivyo vinavyobaki kichwani. Njia nyingine ni kukitanguliza sentensi moja kabla ya kelele.

Katika riwaya yangu ya pili kuna karani mzee. Mapema kabisa anamwambia mpelelezi kwamba ile hati ya nyumba aliisaini kama shahidi bila kuisoma: miwani yake ilikuwa imevunjika, na bila miwani herufi za karibu kwake ni mchwa tu. Sura chache baadaye mpelelezi anarudi kulipia nakala. Miwani bado iko kwa fundi. Karani anachukua risiti, anaisoma namba yake kwa sauti, anaigonga muhuri. Papo hapo mlango unasukumwa na mjane anaingia akipiga mayowe. Kila msomaji anamkumbuka mjane. Nilikuwa nimejivunia sana mstari ule mdogo wa risiti, kwa sababu mwisho mzima wa kitabu umesimama juu yake: mzee aliisoma hati, na alijua alichokuwa anakisaini.

Kitabu kilipotoka, mstari haumo. Mtu fulani katika nyumba ile ya uchapishaji, mwenye bidii na jicho la kuondoa maneno ya ziada, aliona kwamba karani kusoma namba kwa sauti hakuongezi kitu, akakata. Muhuri akauacha. Prufu, zile kurasa za kukaguliwa kabla kitabu hakijachapwa, sikuonyeshwa. Wasomaji wakafika mwisho, mpelelezi akasema “ulisoma namba ya risiti mbele yangu,” nao wakarudi nyuma kutafuta ukurasa huo, wasiupate. Barua nilizopata wiki zile sizisahau. Mmoja aliniandikia kwa upole kabisa kwamba yeye ni mwalimu mstaafu, amekisoma kitabu mara mbili, na anaomba nimwambie tu ni ukurasa gani. Toleo la pili mstari ulirudishwa, lakini wa toleo la kwanza hawana habari, na mpaka leo kuna watu wanaoamini kwamba niliwadanganya.

Tangu hapo mswada wangu hauendi peke yake. Unaambatana na karatasi moja ndani ya bahasha iliyofungwa, yenye maelekezo kwamba ifunguliwe baada ya kusoma kitabu chote mara ya kwanza. Humo kuna kila kidokezo, ukurasa wake na sentensi yenyewe neno kwa neno, na ombi kwamba sentensi hizo zisiguswe bila kuniuliza. Mhariri ninayefanya naye kazi sasa aliniambia hakuwahi kupewa kitu kama hicho, kisha siku hizi anawaomba na waandishi wengine. Haki ya kuona prufu nayo nimeiingiza kwenye mkataba, pamoja na idadi ya siku za kuisoma. Wachapishaji wengi hawakatai jambo hilo. Wanasubiri uliombe.

Jalada lina vita vyake. Mchapishaji anayepokea mswada wa upelelezi hutaka na muhtasari, na muhtasari huo lazima umtaje muuaji. Hakuna anayeweza kupima fumbo asiloonyeshwa jibu lake. Hilo ni haki yake. Tatizo ni kwamba muhtasari unakaa ndani ya faili, na siku moja mtu wa mauzo mwenye haraka anauchukua ili aandike maneno ya nyuma ya kitabu. Kitabu changu kimoja kilinusurika kutoka kikiwa kimetangaza kifo cha pili, ambacho katika hadithi kinatokea baada ya nusu. Mchoraji naye alikuwa ameweka mbele picha nzuri sana ya kamba ya pazia. Kamba ya pazia ndiyo silaha! Siku hizi natoa nyaraka mbili: muhtasari wenye kila kitu, juu umeandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni wa mhariri peke yake, na maelezo ya aya mbili yasiyovuka robo ya kwanza ya kitabu. Maneno ya jalada nayaandika mwenyewe kabla sijaombwa. Hakuna aliyewahi kuyakataa; watu wa mauzo wana kazi nyingi.

Kabla ya mhariri kuna wasomaji wa mwanzo, na hao hutumika mara moja tu. Mtu akishamjua muuaji, hawezi kurudi kutomjua. Kwa hiyo siwapi wote rasimu moja: nawagawa, wengine wanaipata ya pili, wengine nawawekea ile ninayodhani imekamilika, na mwenzangu namwacha wa mwisho kabisa, maana nikimharibu yeye sina mwingine wa kumwamsha usiku. Wala siwaulizi kama wamekipenda. Wanaokupenda watasema ndiyo. Ninachoomba ni kwamba kila sura inapoisha waandike pembeni kwa penseli jina la wanayemshuku, na wasilifute hata wakibadili mawazo. Karatasi zikirudi nasoma majina tu. Wote wakiwa wameng'ang'ania jina moja tangu sura ya tatu, na kweli ndiye, nina kazi. Kama hakuna hata mmoja aliyewahi kumwandika, kazi yangu ni kubwa zaidi, kwa sababu huenda sikucheza haki. Waandishi wa Uingereza walioanzisha Detection Club mwaka 1930 walikuwa na kiapo, nusu mzaha nusu kweli, cha kutomficha msomaji kidokezo muhimu, na mimi nakichukulia upande wa kweli. Anayenifurahisha ni yule aliyemwandika muuaji sura ya sita, akamwacha sura ya tisa kwa sababu niliyompa mimi, kisha akamrudia akiwa amechelewa. Huyo atamwambia kila mtu kwamba alijua tangu mwanzo.

Wasomaji hawa pia huja na taaluma zao. Muuguzi atakagua sura ya maiti, fundi wa umeme atakagua waya, na wakili ataifunga riwaya kwenye ukurasa ambao hakimu amefanya kazi ya mwendesha mashtaka. Ile klorofomu ya kwenye filamu, kitambaa puani na mtu chini kwa sekunde mbili, haipo. Mtu anahitaji kuivuta mfululizo kwa dakika kadhaa ndipo azimie. Mwili wa marehemu kwa kawaida huanza kukakamaa taya na uso saa chache baada ya kifo, ukakamavu ukaenea mwili mzima ndani ya saa 12 hivi, kisha ukaanza kulegea siku inayofuata au baada yake. Joto huharakisha mambo, baridi huyachelewesha. Hivyo daktari wa riwayani anayeangalia maiti na kutamka kwamba kifo kilitokea saa tatu na dakika ishirini usiku, ama mwandishi wake ni mvivu, ama daktari ana habari asizopaswa kuwa nazo. Kitabu kimoja nilichagua la pili. Usahihi wake wa ajabu ndio uliomponza.

Wataalamu wanasaidia, ila wanataka kuulizwa vizuri. Ukimwambia mfamasia “nieleze kuhusu sumu,” atatafuta mlango. Mpelekee ukurasa mmoja ulioandikwa tayari, umwombe akuonyeshe palipokosewa. Watu hawana muda wa kufundisha, lakini kusahihisha hawawezi kujizuia. Agatha Christie hakuhitaji hata kuuliza: wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali, akaijua sumu kwa mizani, na riwaya yake ya kwanza ilipotoka ikasifiwa na jarida la wafamasia kwa kuieleza sumu kwa usahihi. Katika sifa zote ambazo mwandishi wa fani hii anaweza kupewa, hiyo ndiyo ninayoitamani.

Adui mkubwa wa fumbo zama hizi ni simu ya mkononi. Aliyefungiwa chumbani angepiga simu. Mshukiwa aliyedai alikuwa mbali, mnara umemnasa karibu. Picha inabeba saa na mahali. Ukiongeza na vinasaba, ambavyo mbinu ya kuvitambulisha ilipatikana Uingereza mwaka 1984 na kufikia mwaka 1988 muuaji amekwisha kutiwa hatiani kwa msaada wake, unaelewa kwa nini wenzangu wengi wamehamishia hadithi zao miaka ya zamani. Mimi simu naiacha ndani. Rekodi inasema kifaa kilikuwa pale, haisemi kilikuwa mkononi mwa nani, na katika upenyo huo zinaingia riwaya nyingi.

Sasa tuje kwenye karatasi zenye pesa. Anayeanza hupenda kusikia habari za Christie, basi azisikie zote. Mswada wake wa kwanza aliuandika mwaka 1916. Wachapishaji kadhaa waliukataa, na aliyeukubali alikaa nao karibu miaka miwili kabla ya kumwita. Akamtaka abadili sura ya mwisho: Poirot, mpelelezi wake, alikuwa anaeleza fumbo akiwa kizimbani kama shahidi, mchapishaji akaona mahakama haiendeshwi hivyo, ikabidi ihamie ndani ya nyumba. Mabadiliko hayo, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya mashauri bora ya uhariri katika historia ya fani hii. Mkataba wake je? Mrabaha, yaani mgawo wa mwandishi katika mauzo, usingeanza kulipwa mpaka nakala 2,000 ziuzwe, na alifungwa kuwapa vitabu vingine vitano. Kitabu kilitoka mwaka 1920. Alichopata ni pauni 25, sehemu yake ya haki za kukichapisha gazetini kwa mfululizo. Alipoanza kuielewa biashara alihama, na kuanzia mwaka 1926 vitabu vyake vilitoka kwa mchapishaji mwingine. Arthur Conan Doyle alipata kiasi hichohicho, pauni 25, kwa riwaya ya kwanza ya Sherlock Holmes iliyotoka mwaka 1887, ila yeye aliuza haki zote moja kwa moja. Kitabu kile kimeendelea kuchapishwa mpaka leo, na mauzo yake hayakumwongezea senti.

Ndiyo maana mkataba nausoma nikiwa na jedwali langu. Nauuliza maswali yaleyale ninayomuuliza mshukiwa. Kwa mfano, mrabaha wa asilimia 10 unatajwa kwa majivuno, lakini asilimia 10 ya kitu gani? Chukua kitabu cha bei ya 100. Kama hesabu inafanywa kwa bei ya jaladani, mwandishi anapata 10. Kama inafanywa kwa fedha anayopokea mchapishaji, na muuza vitabu amepewa punguzo la asilimia 40, kinachoingia ni 60, na mwandishi anapata 6. Karatasi zote mbili zitasema “asilimia 10” na zote zitakuwa zimesema kweli. Naangalia pia haki zinarudi kwangu lini kitabu kikiisha madukani na kisichapishwe tena, maana mchapishaji anaweza kukaa na riwaya yako miaka yote kwa kuiacha tu kwenye katalogi.

Kisha inakuja taarifa ya mrabaha. Mwaka mmoja nilipokea karatasi ya mistari mitatu: jina la kitabu, nakala zilizouzwa, kiasi cha kulipwa. Mtu mwingine angefurahi au angesikitika, akaweka kabatini. Mimi nilikuwa nimetoka kukagua ghala la mteja wiki ileile. Niliwaandikia kuomba namba nne: nakala zilizochapwa, zilizouzwa, zilizorudishwa na wauzaji, na zilizobaki stoo. Zilizouzwa ukitoa zilizorudishwa, ukajumlisha zilizobaki na zile za bure walizogawa, lazima zifikie zilizochapwa. Hazikufikia. Upungufu wenyewe haukuwa mkubwa, na maelezo waliyonipa sikuyakubali wala sikuyakataa. Kulikuwa na uchapaji wa mara ya pili ambao hakuna aliyekumbuka kunitaarifu. Malipo ya tofauti yalikuja baadaye, kimyakimya, bila barua. Siwezi kusema ilikuwa hila. Nimekagua ofisi nyingi za kutosha kujua kwamba uzembe na wizi vinavaa shati moja. Lakini sasa sentensi ya namba nne imo kwenye kila mkataba ninaousaini, na waandishi wenzangu wameinakili.

Wizi usio na utata ni ule wa nakala za bure zinazorushwa kwenye simu. Kwa riwaya ya upelelezi unauma mara mbili, kwa sababu kinachosambaa si kitabu tu, ni jibu. Mtu anapokea faili, anafungua ukurasa wa mwisho, anamtaja muuaji kwa kundi zima. Nimeshajaribu kuchapisha hadithi sehemu kwa sehemu, malipo kidogo kwa kila sehemu, na faida yake ni kwamba mwisho haupo wa kuibiwa mpaka nimeutoa. Hasara yake ni kishawishi. Wasomaji wanakutumia ujumbe wakibashiri, na siku mbashiri anapompata muuaji katikati ya hadithi, mkono unawasha kumbadilisha. Usimbadilishe. Vidokezo vilivyokwisha kutoka vinamwelekea yeye, na anayesoma mfululizo wote kwa mkupuo mwaka ujao ataona mshono.

Kilichobaki ni mpelelezi mwenyewe, na huyu ndiye anayeamua maisha yako ya miaka mingi. Kitabu cha kwanza kikiuzika, mchapishaji hakuulizi utaandika nini tena. Anakuuliza yeye anarudi lini. Doyle alimchoka Holmes akamuua mwaka 1893. Ilipofika mwaka 1901 akamtolea kisa kinachotangulia kifo, na mwaka 1903 akamfufua kabisa. Christie alimchoka Poirot pia, akaandika kisa chake cha mwisho miaka ya mwanzo ya 1940, kisha akakifungia mpaka mwaka 1975. Kwa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa kwenye mswada ulioshinda shindano la mwaka 1957–58, kitabu kikatoka mwaka 1960, na katika miaka ya 1980 bado walikuwa pamoja, Najum, mwenzake Bwana Msa, pembeni. Sijui kama alimchoka. Akiwa alimchoka, alificha vizuri kuliko wale wengine.

Mpelelezi wa kurudiwa anahitaji daftari lake. Umri, goti linalouma, jina la shangazi, dawa anayotumia, kesi zipi anazikumbuka kwa uchungu. Doyle alimpa Watson, rafiki wa Holmes, jeraha la risasi begani katika kitabu cha kwanza, cha pili likawa mguuni, na zaidi ya miaka 100 baadaye wasomaji bado wanagombana kuhusu risasi moja au mbili. Daftari langu limejaa mambo ya kipuuzi, na mhariri hunipigia simu kuuliza humo kabla ya kuuliza kichwani mwangu.

Kwenye mkataba ulio mezani sasa, mchapishaji anataka haki ya kuona kwanza “kazi yoyote inayofuata ya mwandishi.” Nimefuta “kazi yoyote,” nimeandika “riwaya inayofuata yenye mpelelezi huyu,” na nimeweka siku 60 za kujibu, zikipita niko huru. Pia nimeongeza mstari kwamba jina na tabia za mpelelezi ni mali yangu, hata kwenye filamu na vipindi vya redio. Wamenijibu kwamba mwanasheria wao anaangalia. Wakati anaangalia, alfajiri naandika riwaya ambayo bwana yule hayumo kabisa. Mpelelezi ni mama mmoja anayefundisha hisabati, mkali, hapendi kukaa kiti chenye mito, na sura ya tano imefika bila yeye kukubali nadharia yangu ya nani ameua.